Nilitoka Nizi Bila Kufika Nizi

Kuna wanawake watatu hapa Bunia ambao wakiniona napita wananiita Papa Malewa, na mimi huwapungia mkono nikicheka, lakini jueni, rafiki zangu, kwamba ndani uso unanishuka. Nina aibu. Siyo ile ya suruali kuchanika kanisani (hiyo nayo imenipata, tuiache), ni aibu inayokuja ukiwa unapima misumari dukani, ukasahau umefika kilo ngapi, ukaanza upya. Mke wangu amesema nisipousimulia mkasa huu mwenyewe atausimulia yeye, naye anajua kuongeza chumvi, basi bora utoke mdomoni mwangu, maana chumvi iliyomo inatosha.

Mimi ni Kambale, lakini kwa kuwa binti yetu wa kwanza ni Espérance, watu wananiita Papa Espé na mke wangu Mama Espé. Wazazi wetu walitoka Butembo, nyumba yetu iko mtaa wa Ngezi, na nina duka la mabati, misumari na majembe. Kazi ya duka ni kuketi. Nimeketi miaka mingi, kwa bidii, na tumbo limekua bila mtu kulitia mbolea, mpaka siku moja muuguzi alinipima tansio, presha ya damu, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. "Papa, unaketi sana," akasema. Wiki hiyo hiyo likatoka tangazo la mbio za amani, kilometa ishirini na moja kuzunguka mji, watu wa jamii zote wakimbie pamoja, na mimi kwa hasira ya ile mashine nikaenda kujiandikisha.

Amani yenyewe ilikuwa ile tunayoijua wenyewe, amani ya kuweka begi la nguo karibu na mlango. Zinapita wiki tatu kimya, unaanza kulisahau lile begi, watoto wanalikalia kama kiti, halafu unasikia neno kutoka Djugu, upande wa vita, na unakwenda kuangalia kama zipu bado inafunga.

Asubuhi ya kwanza ya mazoezi sikufika mbali. Nilivaa viatu nilivyonunua sokoni, vya buluu na njano, vikubwa kuliko mguu wangu kwa namba mbili, nikatoka mbio, na kabla sijafika kona jirani yetu akawa ameshawaingiza watoto ndani, na mama wa mandazi ameondoa karai motoni ananiuliza kwa sauti, "Papa Espé, kuko nini? Banakuya?" Nilisahau kwamba katika mji wetu mtu mzima hakimbii bure, akikimbia ni kwamba wenye silaha wanakuja. Kuanzia siku hiyo mke wangu aliniamuru nikikimbia niwe napaza sauti, "Ni sport! Ni sport!", na ndivyo nilivyofanya, nikipita Ngezi nzima kama muuza maziwa, na pumzi kidogo niliyokuwa nayo nikaimalizia hapo. Lakini watu walizoea. Waliketi kunisubiri hata, kwa sababu mwanaume wa tumbo langu akikimbia hakuna asiyemwona. Likumbukeni hilo, litarudi.

Baada ya mwezi nilikuwa naweza kukimbia mpaka soko na kurudi, nikisimama mara nne tu, na hapo ndipo kiburi kilipoingia. Siku moja mteja mmoja wa dhahabu, mchimbaji anayenunua majembe na mabeseni kwangu, alinikuta nimeweka miguu kwenye ndoo ya maji ya chumvi nyuma ya kaunta, akacheka mpaka akashika mlango. "Weye? Weye hata ku Nizi na moto utachoka!" akasema. Wateja wengine wakacheka naye. Nikasema, mbele ya wote, kwamba Jumamosi nitapanda moto, yaani pikipiki, mpaka Nizi, kule juu njia ya Djugu, nishuke pale, na nirudi Bunia kwa miguu yangu. Yule mwanaume wa dhahabu akanishika mkono, wengine wakapiga makofi, na mimi miguu bado imo ndooni.

Jumamosi nilikimbia salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa (mkuu wa mtaa anisamehe, wenzangu walikuwa wanazibua mfereji) nikapanda moto ya Janvier, motari anayenibeba kila siku, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Tulipita barieri ya mwisho, kizuizi cha askari, tukaacha mji nyuma, tukafika mahali penye malewa, kibanda cha kula kando ya njia, na hapo Janvier akasimama. Moto nyingine nne zilikuwa zimesimama pale, wenyewe wamelalia usukani. Nikafikiri wanakunywa chai.

"Papa Espé, hapa njo mwisho," Janvier akasema.

"Mwisho namna gani? Nizi iko mbali bado."

"Hakuna mutu ametoka kule juu leo asubui. Hata moto moja. Njia bado haiyasema. Miye siendi."

Wasiojua mambo yetu nawaeleza: motari haanzi njia kama ile mpaka aone mwenzake ametoka upande wa pili. Yule anayetoka ndiye habari. Anaulizwa, anasema nimepita hapa, nimeona hiki, na wengine wanawasha. Siku asipotoka mtu, hawaendi, na hakuna anayewalaumu.

Basi nikashuka kungoja dakika tano. Yule mama wa malewa alikuwa ameshatia makayabu kwenye mafuta, na ninyi mnajua harufu ya samaki yule wa chumvi akikutana na kitunguu asubuhi. Nilikula sahani moja na lituma, ndizi za kupondwa. Nikala ya pili. Mama yule akaniita muteja wangu, akanipa kiti chenye mgongo. Saa mbili zikapita na hakuna mtu aliyetoka juu, motari wawili wakageuza wakarudi mjini, na Janvier akaniuliza kama anirudishe. Nikamwambia hapana, mimi nitakimbia kutoka pale mpaka Ngezi, ni kitu pia. Na kweli ni kitu! Ningesema tu hivyo kwa watu, ningekuwa mtu mwenye heshima mpaka leo.

Nilikimbia kidogo, nikatembea sana, makayabu wakinisukuma kifuani. Karibu na kuingia mtaani nilinunua chupa ya maji, nikajimwagia kichwani na mgongoni ili jasho liwe la kutosha, nikaanza mbio, "Ni sport! Ni sport!" Watu walikuwa wametoka. Walikuwa wamenisubiri! Mama wa mandazi akauliza, "Papa Espé, unatoka wapi?"

Nikasema, "Nizi."

Neno moja, hata pumzi halimalizi. Vigelegele vikapigwa. Mtu akanipa ndizi. Nilipoona Janvier amesimama kando na moto yake, ananitazama, nilimkonyeza kama mtu anayemkonyeza mwenzake wa siri, na yeye akaangalia tairi lake.

Ningekomea hapo ingekuwa uongo wa mtaa, unacheka unaisha. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani kwetu, baada ya matangazo, katibu husema waliotoka safari wasimame tuwasalimie, na nilipolisikia lile neno matako yangu yaliinuka yenyewe. Bwana asifiwe! Amina! Nikasema nashukuru Mungu, jana nimetoka Nizi kwa miguu, peke yangu, na hakuna hata nzi aliyenigusa. Kanisa likapiga makofi. Nikaketi nimevimba, mke wangu akanipangusa bega ambalo halikuwa na vumbi.

Ibada ilipokwisha watu wakanizunguka nje. Nilidhani wataniuliza nilitumia saa ngapi, na nilikuwa nimeshaitayarisha namba nzuri. Hakuna aliyeuliza saa. Waliuliza njia. Njia iko aje? Watu wako? Kuna moshi jikoni? Masoko yanakaa? Hapo ndipo nilipoelewa nimesimama wapi, kwa sababu wengi walionizunguka walikuwa watu wa upande wa Djugu, waliokimbia vita, wanaokaa chini ya mabashi, yale maturubai, kule pembeni mwa mji, na kwao mtu aliyetoka Nizi kwa miguu si mwanamichezo, ni barua. Ningeweza kusema wakati ule. Nilifungua mdomo niseme. Kilichotoka ni, "Njia iko muzuri."

Mbele kabisa alikuwa Mama Lotsove. Huyu ni mama wa makamo, mjane, anauza sombe, majani ya muhogo, mbele ya duka langu, chini ya kivuli cha paa langu, na kila jioni anabakizia nyumba yetu fungu moja, hataki shukrani. Kijiji chake kiko kando ya njia ile ile, kabla ya kufika Nizi. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Basi ulipita kwetu! Kuko muti ya avoka kwa kona, na kanisa yetu nyuma yake. Ile kanisa, mabati iko?"

Mimi ni mtu wa mabati. Naweza kukuambia geji ya bati kwa kuligonga. Nikasema, "Iko, mama. Inang'aa."

"Na mashamba?"

"Maharagwe imetoa maua."

Akafumba macho. Mume wake amezikwa nyuma ya lile kanisa, nililijua hilo, alishaniambia mara nyingi akichambua sombe. Machozi yakamtoka, akasema aksanti, Papa Espé, aksanti sana, Mungu akuongezee mbio. Na mimi nikasema amina. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilisema amina.

Jumatatu aliuza sombe kama kawaida, ila aliimba. Jumanne nilifungua duka nikaona pale chini ya paa hapana mtu. Nikajiambia amechelewa. Nikauza bawaba mbili, nikatazama tena, hapana mtu. Kabla ya saa tatu mke wangu akaja dukani, kitenge amekifunga haraka haraka, na mkononi ameshika beseni la Mama Lotsove.

"Ameliacha kwetu alfajiri," akasema. "Ameenda kwao na wenzake wawili. Anataka kuona shamba na kaburi. Nilimuuliza kama haogopi, akasema, 'Kama Papa Espé na ile tumbo yake amekimbia peke yake, hakuna mutu alimugusa, miye nani atanigusa?'"

Nilishika kaunta. Niliwaona wale motari wanne wamelalia usukani, nikalisikia neno la Janvier, njia bado haiyasema. Mke wangu ananijua, tumeoana zamani, alinitazama usoni. Halafu akauliza polepole:

"Papa Espé. Ulifika wapi?"

"Kwa malewa."

"Malewa ya wapi?"

"Ile ya nyuma ya barieri."

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Aliliweka beseni chini, akaliweka sawasawa kama kitu kinachoweza kuvunjika, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi. Sasa nenda uimalizie."

Janvier alikuwa kwenye kituo chao. Nilimweleza nikiwa nimeshapanda, na yeye hakusema nilikuambia, aliwasha tu. Barierini askari alituambia ndiyo, wanawake watatu walipita mapema, kwa miguu, wamejitwika majembe. Tukafika kwenye malewa. Mama yule aliponiona akachangamka, "Papa ya makayabu! Leo mafuta iko moto!" Nikamuuliza kama amewaona wanawake watatu. Akasema alipofika kufungua aliwaona migongo tu, wako mbali juu ya kilima. Na leo je, kuna mtu aliyetoka kule? Akatikisa kichwa. Janvier akazima moto yake.

"Papa, nisamehe," akasema. "Hii moto njo inakulisha watoto wangu. Hapa njo mwisho."

Sikumlaumu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya dukani, vya ngozi, vyenye kisigino, na funguo za duka zimo mfukoni zinanigonga paja, nikaanza kukimbia. Hapakuwa na mtu wa kunipigia makofi. Kilima cha kwanza nilikipanda nikijiambia si mbaya, kumbe kile kilikuwa mlango tu, nyuma yake kilikuwapo kingine, kirefu, na nikagundua kwamba njia ya Nizi ina milima, jambo ambalo mtu aliyetoka Nizi kwa miguu angepaswa kulijua. Njia ilikuwa tupu. Niliogopa, nawaambia ukweli, kila kichaka nilikiona kina macho, nikataka kuita, "Ni sport!", sauti haikutoka. Nilimwomba Mungu anipe mbio zile alizoniombea Mama Lotsove na ambazo sikustahili. Mshipa wa paja ukakaza, ukakaza tena, na katikati ya kilima cha pili mguu mzima ukawa gogo, nikaanguka ubavu, nikabingirika kidogo, nikaishia kwenye majani kando ya njia nikishika paja kwa mikono miwili na kulia. Siyo kwa paja. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kufika hata mara hii.

Sijui nililala hapo muda gani. Nilisikia sauti za wanawake na kitu kinachopiga kelele kama baiskeli isiyo na mafuta. Nikafungua macho, nikaona miguu yenye vumbi, nikaona jembe, nikainua macho zaidi. Alikuwa yeye.

"Papa Espé," akasema. "Leo nakuona."

"Rudini, mama! Msiende! Miye sikufika, nilidanganya, nilikula makayabu..."

"Najua. Njo tunarudi."

Alijua! Akachuchumaa, akaanza kunyoosha mguu wangu kama anavyoweza kumnyooshea mtoto wake, huku akieleza. Alisema njia nzima alikuwa anauliza. Kwenye nyumba ya kwanza yenye watu aliuliza, Jumamosi mumeona mutu mumoja munene alipita akikimbia? Wakasema hapana. Akafikiri labda hawakuwapo nje. Nyumba ya pili, hapana. Nyumba ya tatu alimkuta mzee anayeshinda kando ya njia siku zote akisuka vikapu, na mzee yule akacheka, akasema mtu kama huyo angemwona hata akiwa amelala.

"Weye ukikimbia Ngezi, batu bote banatoka," Mama Lotsove akasema. "Hapa hakuna mutu alikuona. Nikasema, kama hakupita, basi miye sina habari ya njia. Niko naenda na nini?"

"Na ile maharagwe," akasema mmoja wa wenzake. "Miezi hii, maharagwe na maua!"

"Ile nilisikia," Mama Lotsove akasema. "Lakini nilisema, huyu ni mutu ya misumari, hajue maharagwe."

Niliomba ardhi inimeze, ardhi ya pale ni ngumu, haikumeza. Walikuwa wamekutana na mwanaume anayeteremsha makala, yaani mkaa, mjini kwa baiskeli, naye alikuwa ameharakisha kwa sababu hakuipenda hali ya kule alikotoka. Nilijaribu kusimama, paja likakataa. Basi wale wanawake watatu, wenye majembe yao, waliotembea tangu alfajiri kwa sababu yangu, wakanikamata mmoja huku, mmoja kule, wakanipandisha juu ya magunia ya makala, na wakamsaidia mwenye baiskeli kusukuma.

Tulipita malewa. Janvier alipotuona alifuata nyuma pole pole na moto yake imezimwa, akiisukuma, sijui kwa heshima au kwa kutaka kuona mwisho. Mama wa malewa alitoka na kijiko mkononi, "Eh, Papa ya makayabu, umefika Nizi?", na hapo ndipo wale wanawake watatu walipocheka kwa mara ya kwanza siku ile, na ndipo jina langu jipya, Papa Malewa, lilipozaliwa. Barierini askari akauliza kama mimi ni mgonjwa.

"Hapana, mukubwa," Mama Lotsove akajibu. "Ni wa sport."

Lakini mjini mambo yalikuwa mengine. Mwaweza kufikiria watu waliona nini: mtu mzima, mweusi kwa makala mpaka masikioni, amelala juu ya baiskeli, anatoka njia ya Djugu, wanawake wanamsukuma, motari nyuma. Mama mmoja akapiga ukelele. Mwingine akaanza kukusanya nyanya zake. Nikaona milango ya maduka inaanza kuteremka, moja, mbili, na umati unatufuata ukiuliza wamempiga wapi, wamempiga wapi, na nikaelewa kwamba nisipofanya kitu sasa hivi mji wote utakimbia kwa sababu yangu. Ikabidi niinuke juu ya magunia yale, nishike bega la Mama Lotsove, na nipaze sauti kwa nguvu zangu zote katikati ya barabara ya soko, "Ni sport! Jamani, ni sport! Ni mushipa tu!" Nilipiga kelele hiyo mpaka Ngezi. Mbele ya duka langu yule mteja wa dhahabu alikuwa anangoja kununua beseni.

Mchana ule ule motari walisema njia ya Nizi imefungwa. Sikuuliza kumetokea nini, niliogopa kusikia. Mke wangu alinichemshia maji ya kujiosha, makala hayakutoka yote, na beseni la Mama Lotsove likarudi kwa mwenyewe.

Jumapili iliyofuata katibu akasema waliotoka safari wasimame. Nilisimama. Watu waliokuwa wameshasikia wakaanza kutabasamu, na wale wa mabashi, ambao wengine bado walikuwa wanahesabu siku ya kwenda, wakanyamaza kunisikiliza, na ni kwa hao nilisimama. Nikasema, "Nilisema nilitoka Nizi. Nilifika kwa malewa. Habari ya njia niliyowapa sikuwa nayo. Msiende kwa neno langu." Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alitazama Biblia yake. Nikaketi, na safari hii mke wangu hakunipangusa bega, ila alisogea kidogo nikapata nafasi.

Nje Mama Lotsove alinijia. Nilijitayarisha kutukanwa, na nilitamani anitukane. Akauliza kitu kimoja tu.

"Na mabati?"

"Sikuona, mama."

"Kwa hiyo haujue kama iko."

"Sijue."

Akafikiri. "Basi," akasema, "labda iko." Akaenda zake.

Zile mbio za amani nilizikimbia, ndiyo, nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja na mwanaume aliyepoteza kiatu. Tangu siku hizo nimejiapiza: njia ambayo mguu wangu haujaikanyaga sitaisemea neno, hata kama ni njia ya kwenda chooni. Nikitoka Irumu kuleta mzigo na watu wakaniuliza njia iko aje, nawaambia nilisinzia kuanzia hapa mpaka pale, waulizeni waliokuwa macho. Wengine wanacheka. Mama Lotsove hacheki, bado anauza sombe chini ya paa langu, na kila nikirudi kutoka mazoezini, hata kama nimezunguka mtaa tu, anainua kichwa, "Umefika wapi leo?", na mimi natakiwa kutaja mti, nguzo, au mlango wenyewe, na mahali nilipotembea nataja kwamba nilitembea.

Jana, kwa kuwa motari walikuwa wanapita, nilikimbia mpaka kilima cha pili, pale pale nilipoanguka. Nikageuka. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuongeza hatua moja. Akanifungia fungu la sombe la jioni, akanipa, akasema, "Basi, bado."